Mchezo wa Kumi na Moja

Mimi ndiye nishonaye majina mgongoni mwa jezi.
Chumba changu kiko chini ya ngazi, uwanja wa barafu wa Sudbury,
kati ya mashine ya kufulia na pipa la soksi zisizo na wenza.
Ghislaine, huniuliza wapitao, una uzi?
Uzi ninao.

HRIVNÁK: herufi saba, na kialama juu ya A.
Kocha alisema kiache hicho. Sikukiacha.
Matúš alikuja ana miaka kumi na tisa,
mama yake, huko Prešov, kamfungia chupa sita za jamu ya plamu,
moja ikapasuka juu ya viatu vya vyuma,
akateleza wiki nzima akinukia chai ya asubuhi.

Msimu ule wakampandisha timu kubwa
kwa kuwa mabeki wawili walivunjika, mmoja mguu, mmoja moyo.
Akacheza tisa. Akacheza kumi.
Usiku wa kumi na moja ulikuwa Winnipeg,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nyuzi ambazo hazishoni kitu.
Aligusa barafu dakika nne na ushei.
Bao hakufunga. Kisahani cheusi alikizuia kwa ugoko.
Akanipigia simu usiku wa manane: Madamu, kumi na moja!
Nikapiga makofi peke yangu, pini mdomoni.

Hatukujua.
Kwa asiyetimiza ishirini, sheria inasema,
kumi ni kuonja,
kumi na moja ni mwaka.

Akarudi kwetu chini. Misimu miwili ya basi,
meno mawili, kaka zake wapya wakimwita Jamu.
Na mwaka huo wa tatu, tazama, timu mpya inazaliwa
katika mji unaoijua barafu ndani ya glasi tu.
Ina rangi, ina wimbo, ina mnyama wa kuchezea watoto.
Wachezaji haina.
Basi kila nyumba ifiche washambuliaji saba,
mabeki watatu, kipa mmoja;
waliobaki wasimame uani, mgeni achague.
Wachanga hawaguswi. Lakini uchanga nao una kipimo:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Matúš alikuwa siku ya tatu,
kwa zile dakika nne.

Teague Mackelvie ni rika lake, walilala chumba kimoja.
Yeye alicheza kumi, akateguka kifundo kwenye ngazi za hoteli
akibeba sahani ya keki.
Kile kifundo kimemlinda kuliko kofia ya chuma:
mwaka wake haukuhesabiwa, jina lake halimo.
Tangu hapo hazungumzii ngazi wala keki mbele ya mwenzake.

Meneja alimwambia Matúš: Si wewe, ni hesabu.
Alikuja kwangu na kandambili, akakaa juu ya pipa la soksi.
Madamu, ningesema tumbo linaniuma usiku ule?
Nikamtazama.
Nani ana miaka kumi na tisa, anaitwa, akasema tumbo?
Akacheka, yale mapengo mawili yakaonekana,
kisha hakucheka.

Mimi nami nina haraka zangu. Nikaiweka jezi magotini,
nikaanza kufumua. H ikatoka, R, I,
nyuzi zikaanguka kama vipande vya kucha.
Siku ya uteuzi nilikuwa nimemaliza; mgongo umebaki mtupu,
matundu tu, ukiunyanyua dhidi ya taa.

Hawakumchukua.
Wale wa jangwani walitaka kipa wetu wa tatu,
mzee wa miaka thelathini na mmoja anayelala na redio.
Kila mtu akampigia Matúš makofi ya bega: umebaki! umebaki!
Naye akawa anasema asante, asante,
kijana ambaye nyumbani hawakumficha
na mgeni hakumtaka.

Septemba alirudi na chupa sita.
Moja akaiweka kwenye cherehani yangu bila neno.
Nikashona tena kupitia matundu yaleyale.
Kialama juu ya A kimekaa upande kidogo.
Alikiona. Akaivaa hivyo hivyo, akatoka mazoezini.